Mchukuzi Hafungui Mzigo: Watoa Huduma za Intaneti na Biashara ya Matangazo

Mhadhara uliotolewa mbele ya wanachama wa chama cha watumiaji wa huduma na wageni wao. Unachapwa kama ulivyosemwa, ila marudio machache yamepunguzwa.

Mada hii kuna watu huanza kusinzia kabla sijamaliza kuitaja.

Kusudi langu ni moja. Nataka kuwaonyesha kwamba kampuni inayokuuzia intaneti haina haki ya kuchungulia unakokwenda mtandaoni ili iwauzie wenye matangazo, mpaka ikuulize kwanza nawe ukubali kwa kauli yako. Sitazungumzia Google wala Facebook. Hao wanastahili jioni yao. Leo namzungumzia yule aliye kati yako na hao wote, yule unayemnunulia bando au kumlipa ada ya mwezi.

Mfano wangu mkubwa ni wa Uingereza, kati ya mwaka 2006 na 2012. Nimeuchagua kwa sababu kesi ile imekwisha, mambo yake yako hadharani, na karibu kila utetezi ambao kampuni hizi huutoa hadi leo ulitolewa kule. Nitapita Marekani kidogo, kisha tutarudi nyumbani.

Kisa chenyewe

Mwaka 2006 BT, kampuni kongwe ya simu ya Uingereza, ilifanya jaribio kwenye mtandao wake pamoja na kampuni iliyoitwa 121Media. Hiyo 121Media baadaye ilibadili jina ikawa Phorm. (Kampuni ikibadili jina, ulizeni lile la zamani lilifanya nini. Programu za matangazo za 121Media ziliwahi kuorodheshwa na watengenezaji wa kinga za kompyuta miongoni mwa programu za kipelelezi.) Jaribio lile liligusa wateja wapatao 18,000. Hakuna aliyeambiwa. Mwaka 2007 likafanyika la pili, nalo kimyakimya.

Mwaka huohuo wa 2007 wateja wachache wenye macho makali wakaona ajabu. Kila walipofungua ukurasa, kivinjari kilikuwa kinapita kwanza kwenye anwani wasiyoijua, sysip.net. Wakashuku virusi. Walipouliza kwa mtoa huduma wao, jibu likawa kwamba tatizo liko kwenye kompyuta zao. Hebu fikirini: mtu amekaa mwisho wa juma zima akisafisha mashine yake, anafuta hiki, anasakinisha kile, na kumbe mdudu anayemtafuta yuko kwenye jengo la kampuni anayoilipa.

Mapema mwaka 2008 BT, Virgin Media na TalkTalk zikatangaza kwamba zina makubaliano na Phorm. Ndipo wale wateja walipounganisha moja na moja, na BT ikakiri majaribio yake.

Sasa niwaeleze mtambo ulivyofanya kazi, kwa sababu watu wengi hubishana juu ya jambo hili bila kulitazama. Ulipoomba ukurasa, tuseme wa gazeti, ombi lako lilikamatwa kwenye mtandao wa mtoa huduma. Kivinjari chako kikaelekezwa kando mara kadhaa, bila wewe kuona chochote, ili mtambo usome namba uliyopewa. Namba hiyo ilihifadhiwa ndani ya kidakuzi, yaani kile kijifaili ambacho tovuti huacha kwenye kompyuta yako ikukumbuke. Kisha mtambo ukapandikiza kidakuzi kingine kilichobeba jina la lile gazeti, ingawa gazeti lenyewe halikukiweka na halikuwa na habari nacho. Baada ya hapo ukurasa ukaja, na ulipokuwa ukija maneno yake yakasomwa, yale yanayojirudia yakachujwa, na namba yako ikapangwa kwenye kundi: huyu anatafuta gari, huyu anapanga safari, huyu anataka mkopo. Richard Clayton, mtafiti wa usalama wa mitandao wa Chuo Kikuu cha Cambridge, ndiye aliyeuchambua mtambo huu hatua kwa hatua mwaka 2008, baada ya Phorm yenyewe kumweleza unavyofanya kazi. Alihitimisha kwamba ulivunja sheria ya Uingereza inayokataza kunasa mawasiliano.

Hoja ya kwanza: mchukuzi hana ruhusa ya kufungua mzigo

Wengi wenu mmewahi kutuma kifurushi kwa basi. Unalipa nauli ya mzigo, unaandikiwa risiti, konda anauweka buti. Konda akifungua boksi njiani akaorodhesha yaliyomo, akauza orodha kwa wenye maduka ya stendi, hutamuuliza kama orodha ilikuwa na jina lako. Utamuuliza nani alimtuma.

Watetezi wa Phorm walikuwa na jibu, na ni jibu zito kiasi kwamba nisingependa kulipita haraka. Walisema: mbona Google inafanya hayohayo na mnanyamaza? Kwa nini kampuni za matangazo zitajirike na sisi tuliochimba mitaro na kutandaza nyaya tubaki na ada ya mwezi tu? Wakaongeza kwamba mteja atapata matangazo yanayomfaa, na kwamba mtambo utamwonya akikaribia kurasa za matapeli.

Nakubali kwamba Google si malaika. Lakini Google unaweza kuikwepa. Zipo injini nyingine za kutafutia, na usipozitumia huduma zake inaona pungufu. Mtoa huduma humkwepi. Kila unachofanya kinapita kwake, barua ya benki, gazeti, swali la ugonjwa unaoona aibu kumwambia hata mwenzi wako. Isitoshe, umeshamlipa. Yule anayekupa huduma bure ana angalau kisingizio cha kutafuta pa kujilipa. Na kumhama si rahisi kama inavyosemwa: kuna mitaa yenye waya mmoja tu, na kuna vijiji ambako laini inayoshika ni ya kampuni moja.

Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti, aliulizwa jambo hili mwaka 2008. Alisema kama mtoa huduma wake angeleta mtambo wa namna hiyo angehamia kwingine, na akatoa mfano wa mtu anayesoma sana kuhusu saratani, kisha ajikute bima yake imepanda. Mfano ule naupenda, kwa sababu hauhusu siri chafu. Unahusu mtu anayeogopa na anataka kujua.

Hoja ya pili: "Hatujui jina lako" haitoshi

Huu ndio utetezi uliorudiwa kuliko wote. Phorm ilisisitiza kwamba haihifadhi majina, haihifadhi kurasa ulizosoma, inahifadhi namba ya kubahatisha na kundi la matangazo tu. Kwa haki, hilo lilikuwa afadhali kuliko yanayofanywa na wengine leo.

Lakini namba hulinda mtu kidogo sana. Mwezi Agosti 2006, mwaka uleule wa jaribio la kwanza, kampuni ya AOL ya Marekani iliweka hadharani maswali kama milioni 20 yaliyoandikwa na watumiaji wake wapatao 650,000 kwenye injini ya kutafutia, ikidhani inawasaidia watafiti. Majina yote yaliondolewa, kila mtu akapewa namba. Haikuchukua siku nyingi waandishi wa New York Times wakamfikia mama mmoja mjane nyumbani kwake Georgia, kwa kusoma maswali yake tu: mji wake, ukoo wake, mbwa wake, maumivu yake. Alikuwa namba 4417749. Ukijumlisha anayotafuta mtu kwa miezi mitatu, umeshamchora sura.

Tena mtoa huduma jina lako analo. Ana mkataba wako, anwani yako, na risiti zako. Akisema hajui wewe ni nani, ana maana kwamba faili la namba na faili la majina ameyaweka kwenye makabati mawili. Funguo zote mbili ziko mfukoni mwake.

Na kwetu? Nchini Tanzania laini ya simu husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa. Zile foleni za mwisho wa mwaka 2019 na Januari 2020 nadhani hamjazisahau. Laini hiyohiyo inabeba pesa zako. Mnara unajua ulilala mtaa gani. Sisemi kwamba kampuni yoyote hapa inaviunganisha vitu hivi kwa ajili ya matangazo. Nasema anayesoma hoja za Uingereza za mwaka 2008 akiwa hapa lazima azisome kwa hofu zaidi, kwa sababu pale mtambo ulianza na namba isiyo na mwenyewe, na hapa namba ina kidole gumba.

Hoja ya tatu: ridhaa haidhaniwi

Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo penye kiini cha mambo.

Polisi wa Jiji la London walipelekewa malalamiko kuhusu majaribio ya BT. Mwezi Septemba 2008 wakasema hawaendelei. Sababu mojawapo waliyotoa ni kwamba hapakuwa na nia ya jinai, na kwamba wateja walikuwa wametoa ridhaa ya kudhaniwa, kwa kuwa huduma yenyewe ilikusudiwa kuwanufaisha. Mawakili mlio hapa nawaona mnacheka. Mtu asiyejua kwamba jambo linafanyika amelikubali, kwa sababu anayelifanya anaamini ni zuri! Kwa mantiki hiyo hakuna mwizi wa kuku ambaye hangekuwa na ridhaa ya mwenye kuku.

Faili likaenda kwa waendesha mashtaka, likakaa, na Aprili 2011 wakatangaza kwamba hakuna atakayeshtakiwa. Wateja 18,000 na ushei hawakupata kitu mahakamani.

Ila Brussels ilikuwa inatazama. Mwezi Aprili 2009 Tume ya Ulaya ilianza kuichukulia hatua serikali ya Uingereza yenyewe, si BT, kwa kushindwa kulinda usiri wa mawasiliano kama kanuni za Ulaya zinavyotaka. Tatizo lilionekana ndani ya sheria ya Uingereza: iliruhusu kunasa mawasiliano pale ambapo anayenasa ana sababu za maana za kuamini kwamba amekubaliwa. Kuamini tu! Uingereza ilibadilisha sheria hiyo mwaka 2011, ikafuta kipengele hicho, na Januari 2012 Tume ikafunga shauri. Kwa maoni yangu hayo ndiyo matunda makubwa ya kisa kizima, ingawa magazeti yaliyakuta yamepoa.

Kuna upande wa pili wa ridhaa ambao ni wa kifundi, na kampuni hupenda tusiuguse. Ni huu wa "ukitaka, jiondoe". Mwezi Mei 2008 kampuni ya Charter ya Marekani iliwaandikia wateja wake kwamba inawaletea intaneti iliyoboreshwa. Maboresho yenyewe yalikuwa mtambo wa kampuni iitwayo NebuAd, ndugu wa Phorm kwa kazi. Asiyetaka angeweza kujiondoa, na kujiondoa kwenyewe kulihifadhiwa ndani ya kidakuzi. Mtu anayejali faragha hufanya nini kila mara? Hufuta vidakuzi. Akivifuta, kukataa kwake kumefutika pia, amerudi kundini bila kujua. Wabunge Ed Markey na Joe Barton, mmoja wa Democratic na mwingine wa Republican, waliiandikia kampuni wakitaka isimame, na mwezi uliofuata Charter ikasitisha. NebuAd yenyewe ilifunga milango mwaka 2009.

Mbaya zaidi ilikuwa Verizon, kampuni nyingine ya Marekani. Tangu mwaka 2012 ilikuwa ikibandika alama ya utambulisho kwenye maombi yaliyotoka simu za wateja wake, alama inayobandikwa njiani, nje ya simu, kwa hiyo mwenye simu hakuwa na cha kufuta. Kampuni moja ya matangazo, Turn, ikaitumia alama hiyo kufufua vidakuzi ambavyo watu walikuwa wameshavifuta. Mwaka 2016 Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, iliitoza Verizon dola milioni 1.35. Kwa kampuni ya ukubwa ule hiyo ni hela ya chai. Faida ilikuwa kwenye sharti lililoambatana nayo: iombe ridhaa kwanza kabla ya kuwapa alama hiyo watu wa nje.

Hoja ya nne: faragha isiwe ya wenye pesa

Hii ni fupi. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2013, AT&T ya Marekani iliuza intaneti ya kasi mjini Austin kwa dola 70 kwa mwezi kwa anayekubali kufuatiliwa, na dola 99 kwa asiyekubali. Mpango ule uliachwa mwaka 2016. Wapo wachumi wanaouona ni wa haki, kwa kuwa bei iko wazi. Mimi nauona kinyume. Mwenye kipato kidogo, anayehesabu megabaiti, ndiye atakayeuza maisha yake ya ndani ili apunguziwe bili, na ndiye huyohuyo ambaye matangazo ya mikopo ya riba kubwa yanamtafuta.

Hoja ya tano: kufuli linasaidia, lakini halifungi mlango wote

Mafundi mtaniambia kwamba mtambo wa Phorm leo usingesoma kitu. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Mwaka 2008 kurasa nyingi zilipita wazi. Baada ya Edward Snowden kufichua upelelezi wa serikali ya Marekani mwaka 2013, na baada ya vyeti vya usimbaji kuanza kutolewa bure na Let's Encrypt mwaka 2015, tovuti nyingi zilihamia kwenye mawasiliano yaliyofungwa, yale yenye alama ya kufuli. Wikipedia ilihamia yote mwaka 2015.

Mtoa huduma haoni tena ukurasa gani wa Wikipedia unasoma. Lakini bado huona umekwenda tovuti gani, saa ngapi, kwa muda gani, ukachukua data kiasi gani. Tuchukue usiku mmoja wa mtu wa kawaida. Saa nne anafungua tovuti ya kliniki ya uzazi. Saa nne na dakika kumi, tovuti ya wakili wa talaka. Saa tano, tovuti ya nyumba za kupanga katika mji mwingine. Hakuna neno hata moja lililosomwa, na habari nzima imeeleweka.

Hata majina hayo ya tovuti yanaweza kufichwa. Vivinjari vimeanza kufunga yale maswali ya "anwani hii iko wapi" ambayo zamani yalikwenda wazi kwa mtoa huduma. Mwaka 2019 chama cha watoa huduma wa Uingereza kiliiteua Mozilla, watengenezaji wa Firefox, kuwania tuzo ya mhalifu wa intaneti wa mwaka kwa mpango huo. Sababu yao ilikuwa kwamba utavuruga uchujaji wa kurasa zenye madhara kwa watoto, na hilo si neno la kupuuza. Lakini watu walicheka na kukasirika kwa pamoja, uteuzi ukaondolewa. Na wale mnaotumia VPN, yaani mnaopitisha mawasiliano yenu kwa kampuni nyingine, msijisifu mapema: uwezo wa kuwaona mmemhamishia mtu mwingine, mara nyingi wa nchi msiyoijua.

Kwa hiyo ufundi hauwezi kubeba jukumu la sheria. Na sheria nayo hupinduliwa. Oktoba 2016 FCC ilipitisha kanuni ya kumlazimu mtoa huduma aombe ridhaa kabla ya kutumia au kuuza historia ya unakotembelea. Machi 2017, kabla sharti hilo halijaanza kutumika, Seneti ikaifuta kwa kura 50 dhidi ya 48, Baraza la Wawakilishi kwa 215 dhidi ya 205, na Rais Trump akatia saini tarehe 3 Aprili. Jimbo la Maine likatunga sheria yake mwaka 2019, vyama vya kampuni hizo vikaenda mahakamani kuipinga, nayo ikaanza Julai 2020. Mwaka 2021 Tume ya Biashara ya Marekani ilitoa ripoti juu ya watoa huduma sita wakubwa, ikaonyesha kwamba baadhi yao hupanga wateja kwa makundi nyeti, rangi na mwelekeo wa kijinsia yakiwemo. Phorm ilikufa mwaka 2016. Biashara yake haikufa.

Nyumbani, na mbele

Sisi nasi hatuko mikono mitupu. Katiba ya Tanzania, ibara ya 16, inalinda mawasiliano ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, ikiwa na tume yake. Kenya wana ibara ya 31 na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ambayo kifungu chake cha 37 kinataka ridhaa ya wazi kabla taarifa za mtu hazijatumiwa kibiashara, isipokuwa pale sheria nyingine inaporuhusu. Uganda wana yao ya 2019, Rwanda ya 2021. Karatasi tunazo. Kazi iliyobaki ni kuzitumia kabla mtambo wa namna ile haujafungwa, kwa sababu ukishafungwa na kuanza kuingiza fedha, kila mtu atagundua kwamba aliridhia.

Maana wimbi jipya linakuja, na safari hii limevaa vizuri. Februari 2023 Tume ya Ulaya iliziruhusu Deutsche Telekom, Orange, Telefónica na Vodafone kuunda kampuni ya pamoja, Utiq, inayotengeneza utambulisho wa matangazo unaotokana na laini ya mteja, kwa kumwomba ridhaa kwenye tovuti anayotembelea. Ni tofauti kubwa na kunyemelea, na nawapa haki yao. Lakini kampuni nyingi za simu barani kwetu zina uhusiano na makampuni makubwa ya nje, na kilichofanya kazi Ulaya hufika huku, mara nyingine bila yale masharti yaliyoambatana nacho.

Naomba chama hiki kifanye jambo kabla ya mkutano mkuu ujao. Tuandikie kila mtoa huduma tunayemlipa, kwa barua rasmi na nakala kwa tume ya taarifa binafsi, tukiuliza: je, mnatumia kumbukumbu za tovuti tunazotembelea kwa matangazo, au mnampa mtu mwingine? Ridhaa yetu mnaichukua kwa karatasi ipi, iliyo peke yake au iliyofichwa ndani ya mkataba wa laini? Mtu akikataa, kukataa kwake kunaandikwa kwenye akaunti yake au kwenye kidakuzi? Na je, anayekataa analipa bei ileile ya bando?

Rasimu ya barua nimeiacha kwa Katibu. Mawakili muipitie, wanafunzi muitolee nakala. Majibu yatakayokuja yasomwe humu ukumbini kwa sauti, pamoja na orodha ya watakaokuwa hawajajibu.